Acheni Kukikausha Kidonda, Utazameni Mguu

Ukikaa na kidonda mguuni mwezi mzima bila kupona, washauri hutawakosa. Jirani atakwambia ukiache wazi kipigwe upepo. Muuzaji wa duka la dawa atakupa kapsuli za rangi mbili: hizi umeze, hii ufungue, unga wake umwagie juu. Shangazi atakukataza mayai, samaki na maharage, kwa kuwa "vinachochea". Ukifika zahanati utaoshwa kwa spiriti, au kwa ile dawa inayofoka povu jeupe, utapakwa GV, utafungwa shashi kavu na kuambiwa urudi kesho. Kesho shashi imegandia kwenye nyama. Inabanduliwa, damu inachuruzika, wewe unauma meno, na wote mnakubaliana kwamba leo kidonda kimesafishwa barabara.

Watu hawa hawajawahi kukaa kikao, lakini neno lao ni moja. Wanaamini kwamba kidonda sugu ni ugomvi kati ya dawa na wadudu, kwamba dawa ikiwa kali vya kutosha wadudu watakwisha, na kwamba dalili ya ushindi ni kidonda kukauka. Imani hii naipinga kuanzia mzizi hadi jani. Kidonda cha mguu kilichogoma kupona kwa majuma sita, miezi sita au miaka sita, mara nyingi hakijakosa dawa. Mgonjwa ni mguu wenyewe. Kidonda ni mahali tu ambapo ugonjwa wake umejitokeza nje. Anayetibu tundu na kuusahau mguu atalitibu tundu hilo hadi mgonjwa azeeke.

Tuanze na huo ukavu, maana ndio ulioshika mizizi zaidi.

Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilolifanya kwa nguruwe wadogo. Aliwatia vidonda vya juujuu vilivyolingana. Vingine aliviacha wazi vikauke na kufanya kigaga, vingine akavifunika kwa utando mwembamba wa plastiki ili unyevu usipotee. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi. Sababu yake inaeleweka. Ngozi mpya huanzia ukingoni, chembe hai zikitambaa taratibu kuelekea katikati, na chembe hai hazitambai juu ya nyama iliyokauka. Zikikuta kigaga hulazimika kujichimbia njia chini yake, zikitafuta penye majimaji. Zimepita zaidi ya miaka 60 tangu hapo, viwanda vimetengeneza vifuniko vya vidonda vya kila namna kwa kufuata msingi huo, na bado mzee wa watu anaambiwa auanike mguu barazani, nzi wakihudhuria.

Nalijua jibu linalokuja: "Mbona mimi nilikiacha wazi na kikapona?" Kweli kilipona. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, mpake GV, mpake majivu, mpake dawa ya meno, atapona, kwa sababu goti lake lina damu nzuri na mwili wake hauhitaji msaada wako. Kisha uliyempaka unachukua sifa. Hapo ndipo dawa zote za vidonda za mtaani zilipopatia jina: kwenye vidonda ambavyo vingepona hata visingeguswa. Jina hilohilo likahamishiwa kwenye mguu wa bibi wa miaka 65 ambao damu yake haizunguki, na tunashangaa kwa nini dawa iliyomponya mjukuu inamshinda bibi.

Nisieleweke vibaya kuhusu unyevu. Kidonda kinachotiririka maji hadi ngozi ya pembeni inageuka nyeupe na kumenyeka kinahitaji kifuniko kinachofyonza. Ninaousema mimi ni unyevu wa ndani ya shavu, si wa sponji ya jikoni.

Na lile povu? Wengi tumelelewa tukiamini kwamba kila kipovu ni mdudu anayekata roho. Nenda buchani, nunua kipande cha maini mabichi, safi, mwagia haidrojeni peroksaidi uone. Yatatoa povu kuliko kidonda chochote. Ndani ya damu na nyama mna kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni, na kinachofoka ni hiyo oksijeni. Povu linatuonyesha kwamba dawa imegusa nyama. Tena ile nyama laini nyekundu iliyokuwa ikijitahidi kuota nayo imepata sehemu yake ya kichapo.

Aliyeonya kuhusu jambo hili mapema ni mtu ambaye hakuna muuza antibayotiki anayeweza kumwita adui wa dawa. Alexander Fleming, kabla ya kuigundua penisilini mwaka 1928, alikuwa daktari wa jeshi huko Boulogne, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari waliletwa na majeraha yaliyochanwa na vipande vya mabomu, na madaktari wakayamwagia dawa kali za kuua vijidudu, wakiamini kwamba kali zaidi ndiyo bora zaidi. Fleming akatengeneza jeraha la kioo: alichukua mrija wa maabara, akauyeyusha na kuuvuta hadi ukawa na vichomozi vyenye mashimo, mfano wa pembe na mipasuko ya jeraha la kweli. Akaujaza majimaji yenye bakteria, akaumwaga, akaujaza dawa, akaiacha ikae, kisha akaimwaga na kutia majimaji safi. Muda si mrefu majimaji yale safi yakajaa bakteria tena. Dawa ilikuwa haifiki kwenye vile vichomozi. Lakini chembe nyeupe za damu, zile zinazoula uchafu, zenyewe ilizifikia vizuri na kuziua. Mwaka 1919 aliyaeleza hayo katika mhadhara wake mbele ya madaktari wapasuaji wa London. Zaidi ya karne moja baadaye, sisi bado tunamwaga spiriti kwenye nyama mbichi na kupima ubora wa muuguzi kwa ukelele wa mgonjwa.

Watu walioelimika wameiacha spiriti, lakini wengi wao wamehamia kwenye kosa lilelile likiwa limevaa koti jeupe. Kidonda hakiponi, basi kinachukuliwa kipimo: kijiti cha pamba kinasuguliwa juu yake na kupelekwa maabara kuotesha. Majibu yanarudi na jina refu la bakteria na orodha ya dawa zinazoliweza. Mgonjwa anaanzishiwa ya kwanza. Baada ya majuma mawili kipimo kinarudiwa, jina jingine linatokea, dawa ya pili inaandikwa; kisha sindano. Tatizo ni kwamba hakuna kidonda sugu kisicho na bakteria. Kilicho wazi kwa miezi mitatu kitaotesha kitu hata kama kinapona vizuri kabisa, kama ambavyo ngozi yako nzima sasa hivi ingeotesha kitu. Kipimo kilichochukuliwa bila dalili ni swali ambalo jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Cochrane kuhusu vidonda vinavyotokana na vena hayakukuta ushahidi wa kuunga mkono utoaji wa antibayotiki kwa kila mgonjwa ili kidonda kiwahi kupona. Kinachozalishwa kwa uhakika na mtindo huu ni bakteria waliozizoea dawa, ambao siku mguu utakapoambukizwa kweli hawatasikia tena.

Ugomvi wangu hauko na antibayotiki zenyewe. Wekundu au weusi mpya unaosambaa kuzunguka kidonda, joto, uvimbe ulioongezeka ghafla, maumivu yaliyozidi, homa, usaha wa leo usiokuwepo jana, ncha ya chuma safi inayogonga mfupa chini ya kidonda: hayo ni maambukizi, na kwa mwenye kisukari ni dharura ya leo, haingoji kliniki ya Jumatano. Lakini unga wa kapsuli kumwagiwa juu ya kidonda si antibayotiki kwa maana yoyote ya maana. Ni dawa iliyopimwa kwa ajili ya tumbo, imechanganywa na vijazio, inashikana na majimaji ikawa koko la rangi ya njano, na chini ya koko hilo hakuna anayejua kinachoendelea. Hata daktari atakayekipokea baadaye itambidi kwanza alibandue ndipo aone anatibu nini.

Sasa tuutazame mguu.

Chukua mama lishe. Miaka 20 amesimama mbele ya jiko tangu alfajiri, kuti na bati juu ya kichwa, sakafu ya saruji chini. Amezaa watoto watano. Kidonda chake kiko juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi kuliko mguu uliobaki, ngumu ukiibonyeza, inawasha. Jioni mguu umejaa, soksi ikiacha mtaro, asubuhi umepungua. Ukimsimamisha na kumtazama kwa nyuma utaona vena zimejisokota kwenye shavu la mguu. Historia yote imeandikwa hapo, na haina neno hata moja kuhusu mdudu.

Damu ikishashuka mguuni lazima ipande irudi moyoni, na inapanda kinyume cha uzito wake. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya shavu la mguu: kila hatua unayopiga inaikamua vena, na valvu ndogo ndani yake zinaizuia damu isirudi chini. Ukisimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundo hufikia milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukitembea, kwa mtu mzima wa afya, linashuka hadi 30 au chini ya hapo. Valvu zikiharibika, kwa uzazi, kwa kusimama, kwa kurithi, au kwa damu iliyoganda zamani ndani ya vena, halishuki hata utembee vipi. Mchana kutwa kifundo kinabeba mzigo ambao kiliumbiwa kuubeba kwa dakika chache. Majimaji yanavuja nje ya mishipa, chembe nyekundu nazo zinavuja na kuacha chuma chake kwenye ngozi (ndiyo hiyo rangi nyeusi), ngozi inakosa lishe, na siku moja inakwaruzwa na kipande cha kuni. Mkwaruzo haufungi tena. Mmwagie kapsuli za dunia nzima, shinikizo liko palepale.

Dawa yake ni bandeji. Sisemi ile ya kushikilia pamba isianguke, nasema bandeji ya kubana. Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Hamburg, alikuwa akiifunga miguu ya namna hii kwa bandeji zilizopakwa zinki tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo hakuna krimu, unga wala sindano iliyoushinda mgandamizo. Lengo la kawaida ni kiasi cha milimita 40 za zebaki kwenye kifundo, ukipungua taratibu kuelekea gotini. Hufungwa asubuhi, kabla mguu haujashuka kitandani na kujaa. Wayo unakunjwa uwe pembe mraba na mguu. Unaanzia kwenye shina la vidole, unazunguka wayo, unakifunika kisigino (hapa ndipo wengi wanapokosea, wanakiruka, na kinavimba kama kifuko kati ya mabano mawili), kisha unapanda, kila mzunguko ukiufunika nusu ya ule uliotangulia, hadi vidole viwili chini ya goti. Halafu mama anatembea. Anatembea, narudia, kwa sababu kuna wanaoambiwa wakalie kiti hadi wapone, misuli ya shavu la mguu ikinyauka na pampu pekee waliyokuwa nayo ikizimika. Akiketi, mguu uwe juu ya kiti kingine.

Na akiweza kufika kwenye hospitali kubwa, vena yenyewe inayovuja inaweza kuzibwa. Utafiti wa EVRA wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018 ukiwa na wagonjwa 450, ulilinganisha waliozibwa vena mapema na waliosubiri hadi kidonda kipone kwanza. Wote walikuwa kwenye mgandamizo. Nusu ya kundi la kwanza walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Kundi la pili walihitaji siku 82. Hebu fikiria: tiba inapelekwa kwenye vena iliyo mbali na kidonda, na kidonda kinafunga. Mwenye kuamini habari ya wadudu peke yake atalielezaje jambo hilo?

Bandeji hii ina sharti moja ambalo halina mjadala. Kabla ya kubana, hakikisha damu inashuka. Weka vidole viwili juu ya mgongo wa wayo, kati ya mfupa wa kidole gumba na wa pili, utafute mapigo. Kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani. Penye kifaa, presha ya kifundo inapimwa na kugawanywa kwa presha ya mkono. Ikipungua chini ya 0.8, bandeji ya kubana sana isifungwe bila daktari wa mishipa kuuona mguu. Mvutaji sigara wa miaka 70 mwenye kidonda kwenye ncha ya kidole, wayo wa baridi, na maumivu yanayomwamsha usiku hadi auning'inize mguu nje ya kitanda ndipo apate nafuu, huyo ateri zake zimeziba. Kumbana ni kummalizia. Lakini kumpaka dawa nako ni kumpotezea siku ambazo mguu wake ungeokolewa kwa kufungua mshipa.

Mguu wa pili ninaotaka tuutazame ni ule uliokufa ganzi.

"Mwenye sukari haponi kidonda." Sijui sentensi nyingine iliyokata miguu mingi kuliko hii. Anayeisema anadhani anaonya. Kwa kweli anatoa ruhusa. Kama haponi kwa vyovyote, kwa nini tuhangaike? Ngoja kioze, kikatwe.

Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India, aliikuta sentensi ya namna hiyohiyo Vellore alipokwenda kufanya kazi mwaka 1946. Kule walisemwa watu wenye ukoma: nyama yao ni mbovu, haiponi, vidole vinadondoka vyenyewe. Brand na wenzake wakafuatilia vidonda kimoja kimoja, vilianzaje, na kila mara wakakuta sababu ya kawaida kabisa: msumari kwenye kiatu, mpini wa sufuria ya moto, jiwe, mwendo mrefu. Nyama ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maumivu ya kumwambia mtu aache. Vidole vilivyokuwa vikitoweka usiku viligundulika kuwa vinatafunwa na panya, wenye vidole wakiwa wamelala fofofo. Wagonjwa wakaanza kupewa paka wa kwenda nao nyumbani. Na vidonda vya nyayo walivifunga ndani ya plasta ngumu, ile ya mifupa iliyovunjika, iliyokaa sawasawa na umbo la mguu ili uzito utawanyike. Nyama ile "isiyopona" ikapona.

Anayedhani panya ni hadithi za India asome yaliyoandikwa Dar es Salaam. Dkt. Zulfiqarali Abbas, ambaye amefanya kazi ya miguu ya wenye kisukari kwa miongo mingi jijini humo, alichapisha na wenzake mwaka 2005 taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioletwa kliniki na majeraha ya kung'atwa na panya usingizini. Mguu unaotafunwa na mwenyewe haamki! Kuna haja gani ya kumsingizia mchawi?

Kwa mwenye kisukari, basi, kidonda cha chini ya wayo mara nyingi ni kidonda cha uzito. Kwanza inaota sugu, ngozi nene ya manjano chini ya kidole gumba au cha tano. Sugu ni ngumu, inakandamiza nyama iliyo juu yake kwa kila hatua, na kwa kuwa hapaumi mtu anaendelea kuikanyaga. Ndani panavuja damu, panafanya shimo, na siku kigae cha sugu kinapofunguka mgonjwa anaapa kwamba kidonda "kimetokea jana tu". Sukari iliyopanda ina hatia yake: imeua neva na inawalegeza walinzi wa mwili, na kuishusha ni lazima. Ila ishushe hadi iwe ya malaika, mgonjwa akiendelea kulikanyaga shimo lilelile hatua elfu kadhaa kwa siku, shimo halitafunga. Anayevikwa plasta sahihi au kiatu kinachouondoa mzigo mahali hapo, akakatwa ile sugu kwa wembe wa hospitali na nyama iliyokufa ikaondolewa, anafunga kwa majuma kadhaa. Nawaona wale wanaosafishwa kila siku kwa bidii, kisha wanashuka ngazi za zahanati kwa mguu uleule. Kidonda kimefutwa vumbi na kurudishwa kazini.

Ganzi yenyewe haihitaji mashine kuipima. Gerry Rayman wa Ipswich, Uingereza, na wenzake walieleza mwaka 2011 kipimo ambacho binti anaweza kumfanyia babu yake sebuleni. Babu anafumba macho. Unagusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha mguu wa kulia, kisha vya kushoto. Sita jumla. Akisikia aseme. Akikosa viwili au zaidi, miguu yake imepoteza mlinzi. Kuanzia siku hiyo babu haoti moto, hakandwi kwa maji ambayo mtu mwingine hajayapima kwa kiwiko, havai katambuga bila kupitisha mkono ndani kutafuta msumari, hatembei pekupeku hata kwenda msalani, na nyayo zake zinatazamwa kila jioni na mwenye macho mazuri.

Kuhusu mayai na maharage nitakuwa mfupi. Kidonda kinachovuja kinatoa protini kila siku, na nyama mpya inajengwa kwa protini. Kumnyima mgonjwa mayai, samaki, dagaa na maharage kwa pamoja ni kumnyima fundi matofali na kumlaumu kwamba nyumba haipandi. Shangazi atanisamehe. Na asali? Nimeshaulizwa sana. Ni kifuniko kizuri kwa vidonda fulani vya moto. Lakini utafiti wa New Zealand wa mwaka 2008, uliokuwa na wagonjwa 368 wa vidonda vya vena, uliwafunga wote bandeji ya kubana na kuwatilia baadhi yao asali. Asali haikuongeza kasi ya kupona kwa kiasi cha kuhesabika. Kazi ilikuwa ya bandeji.

Vipo vidonda ambavyo wadudu ndio wenye kesi. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda na ambacho pia kinawasumbua watu wa Congo, husababishwa na bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, huanza kama kivimbe kisichouma na kula ngozi pana. Hicho hutibiwa kwa antibayotiki mbili kwa majuma 8. Wenye selimundu wana vidonda vyao vya kifundo vyenye ukaidi wa pekee. Na kidonda cha miaka mingi, au kilichoota juu ya kovu la moto, kikianza kuinua kingo zake na kufanya nyama inayotoka damu ovyo, kinaweza kuwa kimegeuka saratani. Kikatwe kipande kipelekwe maabara. Mifano hii inatumiwa kunipinga, nami naiona inanisaidia. Buruli haijulikani kwa kumwagia unga. Inajulikana kwa mtu kuuliza, kuutazama mguu na kuchukua kipimo chenye swali.

Hoja inayobaki ndiyo nzito kuliko zote, na nimeisikia kwa wauguzi ninaowaheshimu: hatuna vifaa. Hayo ya plastiki, viatu maalumu na kuziba vena ni ya Ulaya. Huku kwetu tuna GV na shashi, mgonjwa hana hela, tufanye nini?

Basi tupige hesabu ya mgonjwa asiye na hela. Nauli ya kila siku ya kwenda kusafishwa kidonda, na ya anayemsindikiza. Kapsuli. Shashi anayoambiwa anunue mwenyewe. Biashara iliyofungwa. Zidisha kwa miezi minane. Umaskini ndio sababu ya kuiacha njia hii. Bandeji ya kunyumbuka inafuliwa, inaanikwa kivulini, inafungwa tena. Kidonda kilichofunikwa vizuri hakihitaji kufunguliwa kila siku. Mara mbili au tatu kwa juma zinatosha kwa wengi, na nauli inabaki mfukoni. Maji ya bomba safi ya kunywa, au yaliyochemshwa na kupoa, yanaosha kidonda sugu bila kuongeza maambukizi ukilinganisha na maji ya chumvi ya chupa. Hilo nalo Cochrane wamelipitia. Shashi iliyopakwa mafuta mazito ya petroli safi haigandi kwenye nyama. Kipima presha kipo katika zahanati nyingi. Na plasta ya mifupa haikosekani katika hospitali yoyote ya wilaya, bodaboda zimehakikisha hilo.

Mafunzo pia yamewezekana hapahapa. Mradi wa Step by Step, ulioanza miaka ya mwanzoni ya 2000 nchini Tanzania na India, Dkt. Abbas akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, uliwafundisha daktari na muuguzi wake wawili wawili jinsi ya kuukagua na kuutunza mguu wa mwenye kisukari, kisha ukawarudisha vituoni kwao. Haukusubiri hospitali mpya. Kwa hiyo anayesema haiwezekani Tanzania anazungumzia jambo lililokwisha kufanyika Tanzania.

Ninachokitaka si kikubwa. Fungueni daftari la chumba cha vidonda mwone kilichoandikwa: jina, tarehe, "kasafishwa". Kesho yake: "kasafishwa". Ukubwa wa kidonda haupo, kwa hiyo hakuna anayejua kama kinapungua. Chukueni kipande cha plastiki angavu, kiwekeni juu, mchore ukingo kwa kalamu ya wino, mtie tarehe, mkibandike kwenye faili. Baada ya majuma manne mchore tena. Kama hakijapungua hadi karibu nusu, mpango mzima ubadilishwe, si kapsuli peke yake. Na kabla jina la antibayotiki yoyote halijaandikwa, ukurasa wa kwanza wa faili ujibu haya: mapigo ya wayo yapo au hayapo, vidole sita vimesikia vingapi, mguu unavimba jioni au hauvimbi, mgonjwa amekanyaga nini kuja hapa leo. Faili lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa aliyeliandika, na mgonjwa asitumwe dukani.